Kinachochanika Ndicho Kilichosomwa

Siku ya kuniaga mlinipa godoro na saa ya ukutani. Nashukuru sana. Ni zawadi za mtu anayetakiwa kulala huku akijua ni saa ngapi. Mkuu wa maktaba akaongeza ombi, kwamba niandike kidogo kuhusu kazi ya kujalidi vitabu, ili ninyi vijana mliobaki kwenye kile chumba cha nyuma msianze upya. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Mafiga, milima imejifunika mawingu kama kawaida yake, na ninaandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu fundi jalada ana cheo kimoja tu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mshahara nao tuuache, usije ukasikia unatajwa ukajiona mkubwa.

Nilifika chuoni nikiwa kijana mpenda kusoma, nikidhani maktaba ni mahali ambapo wafanyakazi husoma. Kosa hilo wanalifanya wengi. Nilipelekwa chumba cha nyuma, kwa Mzee Filipo, Mluguru wa Mgeta aliyejifunza kujalidi kwa mapadri akiwa bado hajaota ndevu. Cheti changu hakukitazama. Alinishika mikono, akaigeuza kama mtu anayenunua mihogo, halafu akanipa ubavu wa ng'ombe uliosuguliwa kwa msasa mpaka ukateleza. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Kumbe ndicho chombo cha kukunjia karatasi, na mpaka leo sijaona cha kiwandani kinachokishinda. Ukitaka wako, nenda kwa muuza nyama sokoni, mwambie akupe ubavu mpana, uchemshe mafuta yatoke, usugue kwa subira. Muuza nyama atakuuliza una mbwa wangapi. Mwambie mmoja.

Wiki ya kwanza sikugusa kitabu, nilipika uji. Gundi yetu ilikuwa unga wa ngano uliopikwa kwa maji ya majani ya mwarobaini, kwa sababu mende anaupenda uji wa ngano kuliko msomi anavyokipenda kitabu. Mzee Filipo alikuwa akiuonja kwa ncha ya ulimi. Ukiwa mchungu wa kumkunja uso, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema huu mende watauheshimu. Kitabu kikishapakwa kiliwekwa kwenye kibano cha mbao, kikaachwa. Masika hapa kwetu mvua ikishuka kutoka mlimani inakaa kama mgeni asiye na nauli, na gundi iliyopaswa kukauka kesho hukauka wiki ijayo. Nilikuwa nikifungua kibano kila saa kuchungulia. Mzee Filipo akaniambia kitabu hakina haraka, mwenye haraka ni mimi, na mimi sijapangiwa kusomwa na mtu.

Kuhusu selotepu nitasema mara moja tu. Mtu akikuletea kitabu alichokiziba kwa selotepu akitegemea umshukuru, mshukuru, kisha akiondoka kaa chini upumue. Ile selotepu inakauka, inageuka rangi ya chai, inaondoka na maneno. Nimeona hadithi nzima ya mapenzi ambayo mchumba hana jina kwa sababu jina limekwenda na selotepu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hamtalikuta kwenye mwongozo wowote. Sisi mafundi jalada hatusomi vitabu kama watu wengine. Tunavipokea vikiwa vimevunjika, na vinavunjika pale vilipopendwa. Kitabu kizuri ukikiweka mezani kinajifungua chenyewe kwenye ugomvi wa mke na mume, au pale mpelelezi anapoingia chumba kisicho chake. Mashairi yana ukurasa mmoja mweusi kwa vidole na nyingine nyeupe pee. Vitabu vya uchumi huchakaa sura ya kwanza tu. Kuanzia sura ya pili ni vipya kama vilivyotoka kiwandani, na hilo limenieleza mambo mengi kuhusu nchi hii kuliko hotuba nilizosikia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo wanavyosema sokoni. Kwenye rafu mambo ni kinyume, kwani kizuri kinachanika na kibaya kinasimama wima miaka yote, kimenyooka mgongo kama askari wa gwaride.

Tasnifu za wanafunzi nazo nilizijalidi kwa mamia, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Ni kazi nzito kwa mwenye kuiandika na nyepesi kwa mchwa. Tasnifu inasomwa na mtahini, na fundi jalada, na msimamizi mara mojamoja. Mimi nilizisoma zote wakati gundi inakauka. Najua mmomonyoko wa udongo katika miteremko ya Uluguru kwa namna sita tofauti, na zote sita zilipendekeza utafiti zaidi ufanyike.

Kazi ngumu zilikuwepo. Siku moja mwalimu wa madrasa ya jirani alileta msahafu wa babu yake, kurasa zimeachia, mgongo umeliwa na unyevu. Mzee Filipo alikuwa Mkatoliki wa rozari mkononi. Akanisukumia, akasema hiki ni chako, nenda katawadhe, mimi nitakukatia uzi. Akazima redio yake, ambayo hata mkuu wa chuo hakuwahi kuizimisha, na kwa siku zote nilizoshona ule msahafu alitembea mle ndani kwa kunyata. Vipande vilivyopukutika hatukuvifagia. Tulivikusanya kwenye bahasha tukamrudishia mwenyewe, naye akajua la kufanya. Nawaambia hili kwa sababu mtapata vitabu vya dini zote, na kila kimoja kina adabu yake. Ukiwa huijui, uliza kabla hujashika kisu.

Mwaka wake wa mwisho macho ya Mzee Filipo yalianza kufifia, lakini hakutaka kusema, na mimi sikutaka kumwambia. Alishona riwaya moja ya mapenzi kwa kukisia, mafungu ya kurasa yakapanda mengine juu ya mengine, harusi ikaja mwanzo na kukutana kukaja mwisho. Tuligundua kitabu kimeshaazimwa. Aliyekiazima alikuwa mama mmoja wa Kingolwira, mwenye nyumba yake na wajukuu. Alipokirudisha nikajiandaa kwa lawama. Akasema hajawahi kusoma hadithi ya kweli kama ile, watu wanaoana kwanza ndipo wanafahamiana, kama yeye na mumewe. Akauliza kama mwandishi ana nyingine. Mzee Filipo alicheka mpaka akakaa chini, na muda si mrefu akarudi Mgeta kulima kabichi.

Nikabaki peke yangu na mfupa wake. Usomaji wangu mwenyewe nao uliharibiwa na kazi. Nilikuwa naanza hadithi pale ilipovunjikia, kisha narudi nyuma kutafuta walivyofika hapo. Mke wangu Mwanaidi ndiye aliyeumia. Kila jioni akikaa na kanga zake za kupindwa kwa mkono ilikuwa lazima aulize leo umesoma nini, nami namsimulia kuanzia katikati. Yeye hapendi kusoma, anasema herufi zinamletea usingizi, lakini hadithi anazikumbuka kuliko mimi. Aliwahi kumnunia jirani yetu siku mbili kwa sababu alimfananisha na mama mkwe wa kwenye riwaya. Foleni ya maji bombani nilikuwa naenda na kitabu, na nilishajua hadithi ya upelelezi inatosha ndoo nne. Watu wakanizoea. Wakinikuta na ndoo bila kitabu waliniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Sasa nimtaje mtu ambaye bila yeye nisingekuwa na cha kuandika zaidi ya uji. Jina lake Salumu, na alikuwa afisa ugavi wa chuo. Kwa ninyi mliotoka Mwanza na Mbeya, ambako mna utani wa kabila kwa kabila, kwetu Waluguru upo pia utani wa ukoo kwa ukoo, na ukoo tunaufuata kwa mama. Ukoo wa Salumu na ukoo wangu ni watani. Maana yake anaweza kunitukana mbele ya mkwe wangu, nami nikikasirika nitaonekana mjinga. Anaweza kuingia nyumbani akachukua kitu akatoka nacho. Na mmoja akifa, mwingine ndiye anayetangulia kuchimba kaburi, ndiye anayemsema marehemu pale pale matangani mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Mambo hayo hayamo kwenye kanuni za utumishi, lakini sijaona aliyethubutu kuyavunja.

Salumu alikuwa mtu wa haki na wa kuchosha. Hakuwahi kuiba hata kalamu. Lakini hadithi aliziona ni uongo uliopigwa chapa kwa gharama ya umma. Kila akipita chumba cha nyuma aliniuliza leo nimeutibu uongo gani. Nikamwambia ule wa bajeti yako umeshindikana. Tukaishi hivyo miaka mingi, na kwa kweli siku asipopita niliona kazi haiendi.

Halafu ukaja waraka wa kupunguza vitabu. Wanafunzi walikuwa wanakaa sakafuni na kompyuta zao, hakuna meza wala soketi za kutosha, na nafasi ilitakiwa. Hilo lilikuwa kweli na sikulipinga. Waraka ulisema vitabu chakavu viondolewe, vilivyo katika hali nzuri vibaki. Kamati ikaundwa, mwenyekiti Salumu. Wakapita rafu kwa rafu, hawafungui, wanatazama migongo tu. Kilichonyooka kikabaki. Kilicholegea kikaingia kwenye boksi. Mpaka adhuhuri rafu ya hadithi ilikuwa tupu. Vitabu vyote nilivyovishona mara ya pili na ya tatu, ambavyo watu walikuwa wanavigombania, vilikuwa vimerundikwa karibu na mlango wa nyuma vikingoja gari la kuvipeleka kusagwa. Na kwenye rafu nyingine, wima, safi, vikabaki vile ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvitoa. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Siku ile chanda chema kilikuwa kinakatwa.

Nilimfuata Salumu nikamweleza kwa utaratibu, kama mtumishi. Nikamwambia kitabu kinachanika kwa sababu kimesomwa, na kwa kanuni yake anatupa vinavyosomwa anabakiza visivyosomwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hoja nzuri, iwasilishwe kwa maandishi kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuwa mwezi unaofuata na gari lilikuwa linakuja saa kumi. Nilirudi chumbani nikatazama kibano changu na sindano zangu, na nawaambia kweli, nililia. Haikuwa kwa ajili ya karatasi. Niliona maisha yangu yote ya kazi yamepangwa kwenye maboksi na yanakwenda kusagwa yawe trei za mayai.

Ndipo nikakumbuka mimi si mtumishi tu. Nikatoka, nikaenda pale mlangoni ambapo kamati nzima ilikuwa imesimama na mkuu wa chuo akiwa amekuja kushuhudia, nikabeba boksi la kwanza kichwani.

Salumu akaniuliza ninalipeleka wapi.

"Nyumbani," nikasema. "Nimechukua kwa mtani wangu. Au huku kwenu mtani akichukua mnaita polisi?"

Waliokuwa Waluguru wakaanza kucheka mikono ikiwa mdomoni. Mkuu wa chuo, ambaye ni mtu wa kaskazini, akatazama huku na huku akitafuta nani amfafanulie. Salumu alikuwa amebanwa. Mali ya umma haitolewi hivyo, hilo alilijua kuliko sisi sote. Lakini ile ilikuwa mali iliyokwishatamkwa takataka, kwa sahihi yake mwenyewe. Na kumnyima mtani kitu anachokitupa, mbele ya watu, ni aibu ambayo ingemfuata mpaka kwa ndugu wa mama yake huko milimani. Kisha akafanya jambo lililonionyesha kwamba ni mtani wa kweli.

"Chukua," akasema. "Lakini mtani hachagui. Ukibeba moja, umebeba yote. Na lisibaki boksi hapa gari likifika."

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, lakini Mnyamwezi sikumwona. Nilikodi guta la magurudumu matatu, tukaenda na kurudi mpaka jua likaelekea mlima Mindu. Mwanaidi alikuwa mlangoni akihesabu maboksi yanavyoingia, sebule ikijaa, chumba cha watoto kikijaa, mpaka kabati la vyombo likasukumwa jikoni. Alisema waume wa wenzake wakitoka kazini na maboksi, ndani huwa kuna redio. Halafu akauliza kama yule mama mkwe yumo. Nikamwambia yumo. Akanyanyua boksi moja mwenyewe akaliweka karibu na kitanda.

Mwanzoni nilidhani nimeokoa vitabu. Baada ya wiki nikaelewa nimehamishwa kazi bila barua. Wanafunzi walinifuata nyumbani. Akaja muuguzi anayesoma akiwa zamu, akaja kijana wa bodaboda anayetaka upelelezi tu na anayerudisha kitabu kikinuka petroli, wakaja wahadhiri wawili, kila mmoja akiniomba nisimwambie mwenzake. Mwanaidi ndiye aliyekuja kuwa mkutubi. Hana kadi wala muhuri. Sharti lake ni moja, asiyeamkia haazimi. Kijana akiingia na mambo vipi anaambiwa maktaba imefungwa. Akirudi nyuma mpaka kwenye kibambaza, akaja upya na shikamoo mama, inafunguliwa. Nimefanya kazi na wakutubi wenye shahada na sijaona kanuni inayofuatwa vizuri kuliko hiyo.

Kule chuoni meza ziliwekwa, soketi zikawekwa, na vitabu vizuri visivyosomwa vikaendelea kuwa katika hali nzuri. Chumba cha nyuma kikabaki na tasnifu. Nilikuwa nazishona mchana, jioni nashona hadithi barazani kwangu, kwa gundi ile ile na mende wale wale.

Salumu alistaafu kabla yangu. Baada ya muda mfupi mkewe, Bi Zuhura, alikuja kwa Mwanaidi kuomba ushauri, kwa sababu mzee alikuwa anakagua mpaka sukari ya jikoni. Ndipo Salumu alipoanza kuja barazani kwangu alasiri. Alisema amekuja kuona zile takataka zake zinatunzwaje. Alikaa kwenye kiti kile kile, anachukua kitabu, anapekua jalada, anavuta uzi, anagonga mgongo kwa kidole. Akaniambia fungu hili limelegea. Wiki iliyofuata akasema uzi huu wa rangi gani. Halafu siku moja akaniomba achukue kimoja nyumbani, kwa ukaguzi wa kina. Nikampa. Alikirudisha baada ya siku tatu, akasema mshono umestahimili, na kwamba yule kaka wa muuaji angekuwa ofisini kwake asingemwamini na funguo.

Nikamtazama. Akatazama mlima.

Tangu siku hiyo alikagua vitabu vyangu kimoja baada ya kingine. Kila akirudisha nilimwuliza swali lile lile, na nililiuliza mbele za watu, kwa kuwa ndiyo raha ya utani. Nilitaka kulisikia likitoka kinywani mwake, nalo ni neno dogo tu. Nilikuwa nimelibebea maboksi.

"Sema tu, mtani. Hadithi ni tamu?"

"Jalada limekaza," alikuwa akijibu. "Hilo nakupa."

Mwanaidi akanikanya nimwache mzee wa watu asome kwa amani. Lakini mimi na Salumu tulielewana. Nilijua anasoma, naye alijua najua, na kama angekiri mchezo ungekwisha na sisi sote wawili tungelazimika kutafuta kazi nyingine ya kufanya alasiri. Mwaka huu nilipostaafu alikuja kwenye sherehe yangu, akala pilau, akasimama kutoa nasaha. Akasema chuo kimepata hasara ndogo. Watu walicheka, mimi zaidi ya wote.

Wiki chache baadaye, siku moja hakuja. Siku ya pili hakuja. Mwanaidi alikwenda kumwona akakuta amelala, presha imempanda, anaongea vizuri na anaulizia kama nimenyoosha ule mgongo wa kitabu cha bluu. Nikasema nitakwenda kesho, nikikimaliza, ili nimpelekee. Asubuhi kabla sijaamka vizuri kijana wake alisimama uani, akaniamkia, na kwa jinsi alivyoniamkia nikajua.

Nilichimba kaburi. Sina tena mgongo wa kazi ile na vijana walinipokonya jembe mara kwa mara, lakini udongo wa kwanza niliutoa mimi, kama inavyotakiwa. Kisha nikarudi msibani kufanya lililobaki, na sijawahi kuwa na kazi iliyonishinda kuanza kama ile. Wafiwa walikuwa wananingoja. Watu wa ukoo wake walikuwa wakinitazama, kwa sababu mtani akikaa kimya inakuwa kama marehemu hakuwa na mtu. Nikavuta pumzi. Nikauliza kwa sauti ni nani aliyemruhusu huyu mzee kulala mchana wa siku ya kazi. Nikauliza kama huko anakokwenda kuna sukari ya kukagua, maana huku imebaki nusu kilo na hatujui ataikabidhi kwa nani. Bi Zuhura akacheka ndani, nikamsikia, kisha kicheko kikageuka kilio. Shehe alikohoa. Naye ni Mluguru, ana watani wake, akaniacha niendelee.

Halafu nikaingia chumbani kwa Salumu kuchukua kitu, kwa kuwa mtani ana haki hiyo na hakuna wa kumzuia. Nilidhani nitachukua kofia yake. Kando ya kitanda, kimegeuzwa kifudifudi, kilikuwepo kitabu changu. Ilikuwa riwaya ya mke wa mkuu wa stesheni ambaye mumewe alipanda treni asirudi, naye akabaki miaka yote akiongoza treni za watu wengine. Nilikigeuza nikatazama alipoishia. Zilibaki kurasa mbili.

Sikujua la kufanya nacho. Nilisimama mle ndani nikasikia nje wanaulizana muda, jeneza liko tayari, na adhuhuri imeshasaliwa. Nikatoka na kitabu mkononi. Nikawaambia watu wamwone huyu, msema kweli, mchukia uongo, anaondoka na mali iliyokaguliwa nusu. Walicheka. Walidhani ndiyo mwisho wa mzaha na wabebaji wakainama.

Nikawaambia wangoje. Nikachuchumaa pale kichwani kwake, nikafungua alipoishia, nikamsomea.

Nilisoma kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomsomea Mwanaidi. Watu waliacha kucheka. Nilisoma jinsi filimbi ya treni ilivyosikika asubuhi moja bila kutarajiwa, jinsi yule mama alivyojua ni nani aliyemo, na jinsi ambavyo hakukimbia. Alimalizia chai yake, akaosha kikombe, akajifunga kanga vizuri, akaenda kufungua mlango. Hapo ndipo hadithi inapokoma. Shehe alikuwa ametazama chini muda wote na hakutazama saa hata mara moja.

Nikafunga kitabu, nikawaambia wabebaji, "Sasa mnyanyueni. Amemaliza."